Penati si bahati nasibu: tunayoyarudia kila fainali inapofika kwenye mikwaju

Juni 2, 2024, kwenye Uwanja wa New Amaan Complex, Zanzibar, fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania kati ya Yanga na Azam iliisha kwa suluhu, na Yanga wakabeba kombe kwa penati 6-5. Kabla hata medali hazijavalishwa, kauli ileile ilikuwa imeshaanza: "Penati ni bahati nasibu tu." Inasemwa vijiweni na redioni, na kinachoumiza zaidi, inasemwa na walimu wa timu, watu ambao kazi yao ni kumwandaa mpigaji. Mwalimu anayeamini hivyo haandai chochote, timu yake inatolewa, na kutolewa huko anakufanya ushahidi kwamba hakukuwa na la kufanya.

Tuanze na vipimo. Kutoka alama ya penati hadi mstari wa goli ni mita 11. Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Shuti la kilomita 100 kwa saa linafika mstarini ndani ya takribani sekunde 0.4. Kipa akisubiri mpira uondoke ndipo aruke, hawezi kuufikia ulio karibu na nguzo, muda hautoshi. Ndiyo maana makipa huanza kuondoka kabla mguu haujagusa mpira, na ndiyo maana mkwaju uliopigwa kwa nguvu sentimita chache ndani ya nguzo hauna mdakaji. Kuupiga huko mara tisa kati ya kumi ni ufundi, na ufundi hufundishwa.

Mpigaji ana njia mbili. Ya kwanza ni kuchagua upande kabla ya kuanza kukimbia na kumsahau kipa kabisa. Ya pili ni kumtazama kipa, kupunguza mwendo hatua mbili za mwisho, kisha kuupeleka mpira upande anaouacha wazi. Hii ya pili inapendeza machoni, lakini mpigaji akikutana na kipa mvumilivu asiyeondoka, anafika kwenye mpira bila uamuzi, mwendo umeshakufa, na anampa kipa pasi. Kwa wachezaji wengi wa ligi zetu ushauri ni mmoja: chagua kabla, na usibadili njiani. Anayebadili akiwa anakimbia, mguu wa kusimamia umeshaelekea kule, nyonga zinachelewa kugeuka, na mpira unakwenda taratibu katikati au unapaa. Hata kupaisha kuna sababu yake: mguu wa kusimamia umebaki nyuma ya mpira badala ya kuwa pembeni yake, mwili ukalala nyuma, mpira ukapita juu ya mtambaa panya. Watu wanasema kakosa bahati. Kakosa hatua moja.

Wapo watakaojibu kwamba presha ya fainali haifanyiwi mazoezi. Yenyewe haiji mazoezini, sawa, lakini utaratibu wa kuikabili unajengwa. Kumpanga mchezaji apige penati kumi mfululizo akiwa freshi hakumfundishi kitu, kwa sababu kwenye fainali anapiga moja tu, miguu imechoka, baada ya kutembea peke yake zaidi ya mita 40 kutoka duara la katikati. Fanya hivyo hivyo. Mwisho wa mazoezi, miguu ikiwa mizito, wachezaji wasimame katikati ya uwanja, kila mmoja atembee, auweke mpira kwa mikono yake mwenyewe, ahesabu hatua zake za kurudi nyuma, asubiri filimbi, avute pumzi, apige mkwaju mmoja, arudi. Andika alipopiga na kilichotokea. Baada ya wiki kadhaa una orodha ya wapigaji inayotokana na kumbukumbu, na hutalazimika kuwauliza watu waliochoka, "Nani anajisikia?"

Hilo la pumzi si mapambo. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, aliyechambua mikwaju ya mashindano makubwa, alikuta kwamba wanaokurupuka kupiga mara tu filimbi ikilia hukosa zaidi. England walikuwa wametolewa kwa penati kwenye Kombe la Dunia la 1990, 1998 na 2006. Chini ya kocha Gareth Southgate penati zikafanyiwa kazi, zikiwemo za miguu iliyochoka, na mwaka 2018 wakaitoa Colombia 4-3. Kwa upande wa makipa, Ronwen Williams wa Afrika Kusini alipangua penati nne za Cape Verde kwenye robo fainali ya AFCON, Februari 2024. Nne katika mchezo mmoja! Na kwenye Euro 2024 chupa ya maji ya kipa wa England, Jordan Pickford, ilionekana ikiwa na orodha ya wapigaji wa Uswisi na upande wa kurukia. Manuel Akanji alipiga kulekule kulikoandikwa, ikadakwa. Kipa wa klabu yoyote anaweza kuandaliwa karatasi kama hiyo kwa video za simu. Na kama hakuna video, aanze na hili: mpigaji wa mguu wa kulia, hasa aliyechoka, huelekea zaidi upande wa kulia wa kipa.

Bahati ipo, kama ilivyo kwenye kona na kwenye offside. Haitoshi kuwa sababu ya kuacha kazi.

Kauli ya pili tunayoirudia ni ya mpigaji hodari kuwekwa wa tano, "amalizie". Februari 2022, fainali ya AFCON, Misri walimwekea Mohamed Salah mkwaju wa tano. Senegal wakashinda 4-2 na Salah hakugusa mpira. Cristiano Ronaldo yalimkuta hayohayo mwaka 2012, Ureno ilipotolewa na Hispania. Kwa karibu zaidi, fainali ya Shirikisho ya 2022 Arusha, Yanga na Coastal Union walitoka 3-3, penati zikaisha 4-1: kwa matokeo hayo wapigaji wa tano hawakufikiwa kabisa. Weka walio bora kwenye nafasi ya kwanza na ya nne, na usidhani orodha inaishia tano. Penati za New Amaan zilivuka hapo, na kwenye Kombe la Namibia mwaka 2005, KK Palace na Civics walipiga mikwaju 48, ikaisha 17-16.

"Kupiga katikati ni dharau." Katika penati 286 zilizochambuliwa na watafiti wa Israeli mwaka 2007, makipa walibaki katikati asilimia 6.3 tu. Mkwaju mkali wa katikati, juu ya miguu ya kipa, ni uamuzi wa hesabu. Ule wa kudokoa taratibu ni suala jingine, na asiyeufanyia mazoezi asiuguse.

"Atakayeanza kupiga ameshashinda." Utafiti wa 2010 ulidai anayeanza hushinda takribani asilimia 60. Uchambuzi mpana zaidi wa 2012, wa mapambano 540 ya penati, ukakuta ni kama 53. Ukishinda shilingi anza, lakini usiwakatishe tamaa vijana wako ukishindwa.

"Tumwingize kipa wa penati." Aingizwe kabla ya dakika 120 kuisha, penati zikianza, kipa hubadilishwa tu akishindwa kuendelea. Na akumbuke atapiga pia: Kepa wa Chelsea aliingizwa kwa kazi hiyo fainali ya Kombe la Ligi la England 2022, hakudaka hata moja, akapaisha yake, Liverpool wakashinda 11-10.

Sheria nazo zinapotoshwa sana. Kipa halazimiki kubaki na miguu miwili mstarini. Sehemu ya mguu mmoja iwe juu ya mstari, usawa wake au nyuma yake wakati mpira unapigwa. Mpira ukigonga nguzo, ukampiga kipa mgongoni na kuingia, ni goli. Kadi ya njano ya mchezo haihamii kwenye penati, ndiyo maana Emiliano Martínez wa Aston Villa alibaki langoni dhidi ya Lille Aprili 2024 ingawa alikuwa ameonyeshwa mbili, moja mchezoni na nyingine wakati wa penati. Na mpigaji akiteleza, mpira ukamgusa mguu wa pili bila kukusudia kisha ukaingia, kama ilivyokuwa kwa Julián Álvarez wa Atlético Madrid Machi 2025, wakati ule ulihesabiwa umekosa. Baada ya ufafanuzi wa IFAB, bodi inayotunga sheria za soka, mwaka huohuo, unarudiwa.