Mto Spokane: tembea upendavyo, ila kichwa cha samaki kiache

Mkazi wa Spokane, jimbo la Washington, akitaka kupunga upepo mwishoni mwa wiki hana haja ya kwenda mbali. Riverside State Park, hifadhi ya jimbo, imepakana na mji wenyewe. Gari linahitaji pasi iitwayo Discover Pass, lakini anayeingia kwa miguu au kwa baiskeli hadaiwi kitu, na baadhi ya maktaba za umma huazimisha pasi hiyo.

Wengi huanzia Bowl and Pitcher, penye daraja la kuning'inia na miamba mikubwa myeusi ya volkano. Pazuri, lakini si pa kuogelea: theluji ya milimani inapoyeyuka, mto hujaa, na baridi yake humlegeza viungo hata mwogeleaji hodari. Njiani mnaweza kumwona moose, mnyama wa jamii ya kulungu aliye mrefu kuliko farasi. Anaonekana mpole. Akiwa na ndama msimsogelee hata kwa picha. Akilaza masikio nyuma, ondokeni au jificheni nyuma ya mti.

Sasa samaki, maana hapa ndipo ninapoulizwa zaidi. Kuvua kunaruhusiwa kwa msimu na kwa leseni ya jimbo, ila mtoto wa chini ya miaka 15 haihitaji. Trauti wa asili wa mto huu, redband, hurudishwa majini akiwa hai.

Kula ni habari nyingine. Mto huu una PCB, kemikali za viwandani zilizotumika zamani katika transfoma na mitambo mingine. Marekani ilipiga marufuku kuzitengeneza mwaka 1979, lakini hazijaisha. Hukaa kwenye tope, wadudu wakazila, samaki wakala wadudu, na mwisho zikajikusanya katika mafuta ya samaki. Samaki mwenyewe humwoni mgonjwa wala hanuki. Moto wa jikoni hauziui.

Ndiyo maana upishi wetu unahitaji kubadilika kidogo. Samaki mzima wa kukaanga, au supu ya kichwa tunayompa mama aliyejifungua, ndiyo hasa yenye sumu hizo, kwa sababu mafuta yako kwenye ngozi, tumbo na kichwa. Toa vyote hivyo, ubaki na mnofu. Uchome juu ya wavu mafuta yadondoke, na yaliyodondoka usifanyie mchuzi. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wawe waangalifu kuliko wote, kwani PCB huathiri ukuaji wa ubongo.

Mahali pa kuvulia pia pana maana. Kutoka mpaka wa Idaho hadi bwawa la Upriver, idara ya afya inashauri usile samaki yeyote. Hifadhi iko mbele ya hapo, mto unakoteremkia, ambako ushauri ni kula kwa kiasi, na kiasi chenyewe hutegemea sehemu na aina ya samaki. Ushauri huo hubadilishwa vipimo vipya vikitoka. Ofisi ya afya itakusomea kwa Kiswahili ukiomba mkalimani, bila malipo.