Maiositisi ni nini, na sindano za Kichina na mazoezi mepesi vinasaidia wapi

Mtu akisema misuli inauma wengi tunafikiria uchovu au kulala vibaya, na mara nyingi ni hivyo kweli, unachua siku mbili tatu imeisha. Maiositisi ni kitu kingine kabisa. Hapa kinga ya mwili, ile ile inayotakiwa kupambana na vijidudu, inaigeukia misuli na kuishambulia, misuli inawaka kwa ndani, nyuzi zake zinaharibika kidogo kidogo na nguvu zinapotea. Hii haiishi kwa kuchua, inakaa miezi na miaka.

Na usitegemee maumivu peke yake kuitambua, maana wengine hawaumwi sana, kinachowamaliza ni udhaifu. Mara nyingi unaanzia kwenye misuli mikubwa ya mapaja, nyonga na mabega, pande zote mbili. Ndio maana mtu anaweza kuandika meseji vizuri tu ila kuinuka kwenye choo cha kuchuchumaa hawezi, kupanda ngazi ya daladala mpaka ajivute na mikono, kuanika nguo kwenye kamba mikono inashuka yenyewe, kusuka nywele ndio kabisa. Nyumbani wanamwita mvivu. Inaniuma sana hii, kwa sababu mgonjwa mwenyewe anaanza kuamini, anajilazimisha au anajifungia ndani, na muda unaenda bila matibabu.

Aina ziko kadhaa. Ile inayoitwa dematomaiositisi inakuja na ngozi pia, vipele kwenye vifundo vya vidole na rangi ya zambarau kwenye kope, ila kwa ngozi nyeusi mara nyingi unaona weusi tu uliozidi na hata daktari anaweza kuipita. Hii kwa watu wazima inaweza kwenda pamoja na saratani iliyojificha, kwahiyo daktari akitaka kukucheki mwili mzima usione anakuongezea bili tu. Kipimo cha kuanzia ni damu, kuangalia kimeng'enya cha msuli kinachoitwa CK, kikiwa juu maana yake msuli unavuja, japo kuna wagonjwa CK yao iko kawaida. Baada ya hapo kuna kipimo cha umeme wa misuli, MRI yaani picha ya ndani ya mwili kwa sumaku, au kukata kanyama kadogo ka msuli kakaangaliwe kwa hadubini.

Dawa ndio zinazotuliza kinga. Kawaida wanaanza na prednisolone, alafu wanaongeza methotrexate au azathioprine ili prednisolone ishushwe taratibu. Usiikate ghafla hata ukijisikia umepona, mwili ukiizoea unapunguza kutengeneza homoni yake wenyewe na kukata ghafla ni hatari kubwa. Alafu prednisolone hiyo hiyo ikitumika muda mrefu inadhoofisha misuli, kwahiyo kuna udhaifu wa ugonjwa na kuna udhaifu wa dawa, na hapa ndipo mazoezi yanapoingia.

Zamani wagonjwa hawa waliambiwa wapumzike, madaktari waliogopa mazoezi yatachochea moto. Watafiti wa Karolinska, chuo cha udaktari kule Stockholm, Sweden, wakaamua kupima, na mwaka 2000 walitoa matokeo ya wagonjwa ambao ugonjwa ulikuwa bado mbichi, walifanya mazoezi nyumbani dakika 15 na kutembea dakika 15, siku 5 kwa wiki kwa wiki 12. Nguvu ziliongezeka na ugonjwa haukuchochewa. Mimi naona hii ndio habari kubwa kuliko zote kwenye hii mada, maana haihitaji jimu wala hela, inahitaji tu daktari au mtu wa fiziotherapia akuangalie mwanzoni.

Chukua kiti kigumu kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani. Kaa mbele kidogo, nyayo zote chini, miguu iachane upana wa mabega, inama mbele alafu inuka taratibu huku unatoa pumzi, kisha shuka polepole bila kujibwaga. Ukishindwa weka mto mgumu kiti kiwe juu kidogo, au shika meza. Anza na mara chache, pumzika, rudia. Kwa mikono simama uso ukutani, sukuma ukuta kwa viganja, hiyo inatosha kuanzia. Siku ya pili jisikilize, uchovu kidogo sio tatizo, ila ukiamka umezidi kuwa dhaifu na inaendelea zaidi ya siku moja, punguza. Ukiona mkojo wa kahawia, chakula kinakwama kooni au pumzi inakata, hapo acha mazoezi uende hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa sindano za Kichina, akupancha. Huku kwetu sio ngeni, timu za madaktari wa China zinakuja Zanzibar tangu miaka ya 1960. Sindano ni nyembamba kama unywele, haina dawa ndani, mchomaji anaichoma kwenye sehemu maalum anaiacha kama dakika 20 au 30, unasikia uzito au kama kuna kitu kinavuta pale. Mwaka 2018 ulitoka uchambuzi uliounganisha majaribio 39 yenye wagonjwa 20,827 wa maumivu sugu ya mgongo, shingo, bega, goti na kichwa, ukaonyesha akupancha inapunguza maumivu, ila tofauti yake na sindano za uongo, yaani za kuigiza tu ili kulinganisha, ilikuwa ndogo. Na hao hawakuwa watu wa maiositisi. Kwahiyo kama unaumwa, hulali, shingo imekaza, kujaribu sio vibaya, ukipata nafuu ya kulala utapata na nguvu ya kufanya yale mazoezi. Lakini sindano haishushi kinga inayokula msuli, na mtu anayekwambia uache vidonge akuchome tu, mkimbie.

Ukienda, mwambie mchomaji mapema kwamba unatumia dawa za kushusha kinga, maana kidonda kidogo kwako kinaweza kupata maambukizi, na kama unatumia dawa za kuyeyusha damu au una mimba mwambie pia. Sindano ziwe mpya, pakiti ifunguliwe mbele yako, na zikitumika zitupwe. Kifuani na juu ya mgongo uchomwe na mtu mwenye mafunzo kweli, kwa sababu sindano ikizama sana pale inaweza kutoboa pafu. Na kama una kipimo cha damu cha CK wiki hiyo mwambie daktari wako umechomwa wapi na umefanya mazoezi gani, vyote viwili vinaweza kupandisha namba kidogo akadhani ugonjwa umerudi.