Kichujio cha sinthesaiza kinapolia chenyewe

Kichujio cha sinthesaiza, yaani sehemu ya ala hiyo ya kielektroniki inayopunguza baadhi ya masafa ya sauti, husemwa kuwa kinalia chenyewe pale kinapotoa sauti bila kulishwa sauti yoyote. Maana yake yote ni hiyo. Hata hivyo, siku hizi msemo huu hubandikwa kila mlio mkali unaotokea mtu anapopandisha rezonansi, yaani ukolezaji wa sauti karibu na mpaka wa kichujio, na hapo mambo mawili tofauti huchanganywa.

Rezonansi hupatikana kwa kuchukua sehemu ya mawimbi yanayotoka kwenye kichujio na kuyarudisha mahali yanapoingilia. Kichujio cha ngazi cha Robert Moog, kilichopewa hataza nchini Marekani mwaka 1969, kina hatua nne. Kwenye masafa ya ukomo, yaani pale kichujio kinapoanza kukata sauti, kila hatua huchelewesha wimbi kwa nyuzi 45, na zote nne hufikisha nyuzi 180, yaani wimbi hutoka likiwa limepinduka. Likipinduliwa tena wakati wa kurudishwa, huoana na lile linaloingia na kulitia nguvu. Lakini hatua hizo hizo hupunguza kimo cha wimbi hadi robo, kwa hiyo mrejesho, yaani wimbi linalorudishwa, usipokuzwa mara nne, wimbi hurudi na upungufu katika kila mzunguko: kichujio hukoleza na kurefusha kile kilicholetwa kwake, kisha hunyamaza. Mrejesho ukivuka kiwango hicho hata kidogo, msisimko wa joto ndani ya transista, ambao sikio haliusikii, hutosha kuanzisha wimbi lisilokoma. Ni kanuni ile ile inayofanya maikrofoni ipige ukelele inaposogezwa mbele ya spika. Wimbi hilo huacha kukua kwa sababu transista zenyewe hufikia kikomo chake, na linalobaki hukaribia sana wimbi safi la sini.

Chombo kinachosingiziwa zaidi ni sinthesaiza ya besi Roland TB-303, kilichowapa wanamuziki wa Chicago sauti ya asidi (ya muziki wa acid house) katika miaka ya 1980. Husemwa kwamba kichujio chake kinalia chenyewe, ilhali, kama kilivyotoka kiwandani, hakifiki huko hata rezonansi ikipandishwa hadi mwisho. Kinachosikika ni osileta yake, yaani sehemu inayozalisha sauti ya msingi, yenye wimbi la msumeno au la mraba, ambayo masafa yake ya juu hukolezwa moja baada ya jingine kadiri ukomo wa kichujio unavyoyapitia. Kulisema hili si kukipunguzia chombo hicho hadhi, kwani uzuri wa sauti ile umo katika kukaribia sana ukingo bila kuuvuka. Kichujio kikishavuka, sauti yake hufuata masafa ya ukomo wala haifuati noti inayopigwa, isipokuwa ukomo wenyewe uunganishwe na kinanda, kama inavyowezekana kwenye sinthesaiza ya Minimoog ya mwaka 1970, ambayo kichujio chake kinaweza kupigwa kama osileta nyingine.

Anayetaka kuhakikisha azime osileta zote pamoja na chanzo cha kelele, ashikilie kibao kimoja cha kinanda, kisha azungushe kidhibiti cha ukomo. Sauti ikiendelea, ikapanda na kushuka pamoja na kidhibiti hicho, basi kichujio kinalia chenyewe. Ikikatika pamoja na osileta, ni sahihi zaidi kusema kwamba rezonansi yake ilikuwa kali.