"Jikaze, Yatapita": Dhana Potofu Kuhusu Ustahimilivu na Kujikubali

Mtu anapofiwa, anapopoteza kazi, anapoachwa na mwenzi wake au anapofeli mtihani aliousomea kwa muda mrefu, neno analowahi kulisikia kabla ya mengine yote ni "jikaze". Wanaolitamka huwa na nia njema, lakini ndani yake mmejificha mawazo kadhaa kuhusu namna binadamu anavyokua kupitia shida, na baadhi ya mawazo hayo hayalingani na yale ambayo watafiti wa saikolojia wameyashuhudia. Matokeo yake ni kwamba aliyeumia hubebeshwa mzigo wa pili: anaumia, kisha anajilaumu kwa kuumia.

"Moyo mgumu mtu huzaliwa nao"

Wanasaikolojia Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, hadi walipokuwa watu wazima wa makamo. Takriban theluthi moja ya watoto hao waliwekwa katika kundi la hatari kwa sababu walikulia katika umaskini, walipata matatizo wakati wa kuzaliwa, au waliishi na wazazi waliogombana daima, waliozama katika ulevi au waliougua maradhi ya akili. Wengi wa kundi hilo walikuja kupata matatizo ya tabia au ya masomo, lakini mmoja kati ya kila watatu alikua akawa mtu mzima mwenye uwezo, anayejiamini na anayewajali wengine.

Hulka ya kuzaliwa ilichangia, kwani baadhi yao walikuwa watoto wachangamfu waliopendwa kwa urahisi, na si haki kuuficha ukweli huo. Hata hivyo, jambo lililojitokeza tena na tena ni kwamba watoto hao walikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyesimama nao bila kuyumba, awe babu au bibi, shangazi, mwalimu au jirani. La kutia moyo zaidi ni kwamba wengi wa waliopotoka katika ujana walikuwa wamejirekebisha walipofika utu uzima, baada ya kupata elimu ya ukubwani, ndoa tulivu au jumuiya ya imani iliyowapokea. Tunapenda kumsifu mtu kwamba alijikwamua peke yake, ilhali ukimsikiliza mpaka mwisho ni nadra kukosa jina la mtu mwingine katika masimulizi yake.

"Kila shida humkomaza mtu"

Mwanafalsafa Mjerumani Friedrich Nietzsche aliandika mwaka 1888 kwamba kile kisichomuua humwongezea nguvu, na kauli hiyo imerudiwa mno hata ikaonekana kama kanuni ya maumbile. Ina ukweli wa nusu. Utafiti wa Mark Seery na wenzake uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba watu waliowahi kukutana na shida za kiasi walikuwa na hali bora ya kiakili kuliko wale ambao hawakuwahi kukutana na shida yoyote, lakini pia kuliko wale walioandamwa na shida nyingi. Nao utafiti mkubwa uliofanyika San Diego na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kadiri aina za mateso ya utotoni zinavyoongezeka, ndivyo hatari ya sonona (ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu), ulevi na hata maradhi ya moyo ukubwani inavyopanda. Kwa hiyo anayemwambia mtoto anayeteswa kwamba siku moja atashukuru, anasema jambo ambalo ushahidi unalikana.

"Ukilia umeshindwa"

James Gross na Robert Levenson, katika majaribio yao ya miaka ya 1990, waliwaonyesha watu filamu za kusikitisha au kuchukiza na kuwataka baadhi yao wasionyeshe hisia zozote. Nyuso zilitulia kweli, lakini vipimo vya mwili vilionyesha kwamba mfumo wa neva ulikuwa ukifanya kazi kwa nguvu zaidi kuliko kwa wale walioachwa huru. Kuzuia machozi hakuondoi huzuni. Kunaihamishia mahali pasipoonekana.

Hapa lakini inafaa kuwa waangalifu, kwa sababu wapo waliokimbilia upande wa pili na kudai kwamba kila aliyepatwa na msiba lazima azungumze, alie na apitie hatua zinazojulikana. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalionyesha kwamba kumhoji mtu kwa kina mara moja tu, punde baada ya tukio la kutisha, hakumkingi na madhara ya baadaye. Zile hatua tano maarufu za huzuni, yaani kukana, hasira, kujadiliana, sonona na kukubali, nazo zilitokana na mazungumzo ya daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa, aliyoyachapisha mwaka 1969. Hazikutokana na utafiti wa waliofiwa, na hakuna ratiba ambayo kila mfiwa hulazimika kuifuata. George Bonanno, ambaye amechunguza misiba kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba watu wengi huendelea na shughuli zao bila kuporomoka, wala hilo si dalili kwamba hawakumpenda marehemu. Anayelia aachwe alie, na asiyelia asishukiwe.

"Kujikubali ni kujidekeza"

Pengine hii ndiyo dhana inayowatesa zaidi watu wenye bidii. Wanaamini kwamba wasipojikaripia watalala, na kwamba anayeukubali udhaifu wake ameshatia saini ya kubaki nao. Wengi wetu tunajisemesha kwa lugha ambayo tusingethubutu kumwambia rafiki aliyekosea kosa lilelile, kisha tunaiita nidhamu.

Mwaka 2012 Juliana Breines na Serena Chen walichapisha mfululizo wa majaribio yaliyoligusa jambo hili moja kwa moja. Katika mojawapo, wanafunzi wa chuo kikuu walipewa mtihani mgumu wa msamiati ambao walifanya vibaya. Baadhi yao waliambiwa wasijihukumu kwa ukali, kwa kuwa ni kawaida kushindwa mtihani kama huo, ilhali wengine walisifiwa akili zao au hawakuambiwa chochote. Walipopewa nafasi ya kujiandaa kwa mtihani wa pili, waliohimizwa kujihurumia walisoma kwa muda mrefu kuliko wenzao. Sababu si ngumu kuielewa: mtu asiyeogopa kipigo kutoka kwake mwenyewe anaweza kulitazama kosa lake kwa utulivu na kuona pa kurekebisha, ilhali anayejitukana hutumia nguvu zake nyingi kulikwepa au kulifunika kosa hilo.

Kujikubali kwa namna hii hakufanani na kujisifu. Joanne Wood na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba watu wenye kujithamini kidogo walipojirudia-rudia kauli ya kwamba wao wanapendeka, walijisikia vibaya kuliko wenzao wa aina hiyo ambao hawakujirudia kauli hiyo. Nadhani mtu hawezi kujidanganya na wakati huohuo akaukubali uongo wake. Kusema "nimekosea, inauma, na si mimi wa kwanza" kuna manufaa zaidi kwa sababu ni kweli.

"Siku 21 zinatosha kubadilika"

Hesabu hii inahusishwa na daktari wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 kuzoea sura zao mpya. Waliomnukuu wakalidondosha neno "angalau". Phillippa Lally na wenzake, jijini London, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea mapya, na kukadiria kwamba tendo lilihitaji wastani wa siku 66 kuwa mazoea, ingawa kwa wengine zilikuwa 18 na kwa wengine 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu.

"Anayeomba msaada ni dhaifu"

Wahenga walishatahadharisha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Huzuni ya kawaida hupanda na kushuka, na mara nyingi mtu huweza bado kufurahia jambo moja au mawili katikati yake. Lakini hali ya huzuni au ya kukosa hamu ya chochote ikidumu karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, ikiandamana na usingizi uliovurugika, hamu ya kula iliyobadilika, uchovu au hisia ya kutokuwa na thamani, hiyo inaweza kuwa sonona, ambayo hutibiwa kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa au kwa vyote viwili. Yanapoingia mawazo ya kujiua, wiki hizo 2 hazingojwi. Mtu huyo asiachwe peke yake, na afikishwe kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo.