Nguo za kichanga hazimtoshi

Juzi tena. Niko kwenye cherehani yangu hapa Mwanga, Kigoma, shela la harusi limelala mezani nimeshalifumua ubavu mmoja, akaingia mteja wa kufupisha sare ya kitenge. Akatazama, akauliza, nikamweleza kuwa hapo yanatoka magauni ya kuzikia watoto waliozaliwa wafu. Akashika mdomo, akasema pole. Halafu likaja lile lile: "Lakini fundi, uharibu shela zima kwa nini? Si pale sokoni nguo za kichanga zimejaa?"

Nimeshaacha kuhesabu walioniuliza hivyo. Naandika hapa ili mwingine akiuliza nimtumie linki, mkono uendelee na kazi.

Nguo ya kichanga imekatwa kwa mtoto wa kilo tatu, urefu kama sentimita 50. Ninaowashonea mimi wengi hawafiki huko. Shirika la Afya Duniani, linapolinganisha nchi na nchi, huanza kumhesabu mtoto aliyezaliwa mfu kwenye wiki ya 28, na mtoto wa wiki hizo ana kama kilo moja, sentimita 35 hivi. Wa wiki ya 22 ni kama nusu kilo. Kabatini nina pakiti mbili za sukari, ya kilo na ya nusu, nimezizungushia kitambaa nikazifunga: hizo ndizo ninazopimia. (Ya nusu ilishaishia kwenye chai ya mume wangu, nikanunua nyingine.) Ivalishe moja fulana ya sokoni uone inavyopotelea mle ndani.

Ila ukubwa ndiyo hoja nyepesi. Hata ukipata nguo ya njiti, ndogo kabisa, bado haifai, na hapa ndipo watu wanapotoka kapa.

Mtoto aliye hai tunamvalisha kwa kumvuta. Shingo kichwani, mkono huku, geuza, mkono kule, na yeye anarusha mateke. Aliyefia tumboni siku mbili tatu kabla ya kuzaliwa, ngozi yake imelowa na inachubuka kwa kuguswa tu. Ukipitisha shingo ya fulana kichwani kwake umemchubua uso, na mama yuko kitandani anasubiri kuuona uso huo huo. Kwa hiyo gauni langu liko wazi nyuma lote, toka shingoni mpaka pindoni. Nesi analilaza juu ya kifua, anapitisha mikono, anachomeka pembe mbili chini ya mgongo, utepe anafunga akipenda. Hakuna mahali kichwa kinapita.

Mikono ya gauni ilinitesa. Mwanzoni nilikuwa napima mkono wa mtoto, nashona vimikono vyembamba vya kupendeza, naviunga begani kwa marinda. Nesi mmoja, mtu mzima kwangu, akanirudishia magauni sita kwenye mfuko ule ule niliompelekea. "Mwanangu, mkono wa mtoto unaingia. Wangu je?" Sikuelewa mpaka alipochukua moja akanionyesha. Havishi kwa kusukuma mkono wa mtoto kutoka ndani. Anaingiza vidole vyake viwili kutokea kwenye pindo la mkono wa gauni, anakipokea kiganja cha mtoto, anakitoa taratibu. Tangu siku hiyo kipimo changu cha mkono ni vidole viwili vya nesi mwenye glovu, na mkono hauungwi tena, unakatwa pamoja na kifua. Ukiniletea gauni lenye mkono wa kuunga, hata uwe umelidarizi kwa dhahabu, nalifumua.

Mengine nayapitia haraka. Vifungo hapana, zipu hapana, lastiki hapana kabisa maana inakata ngozi. Shanga nafumua karibu zote, naacha chache kwa juu ambako hazimgusi. Lesi inapendeza machoni lakini kwa chini ni msasa, na satini ya mashela mengi ni poliesta, maji hainywi. Ndiyo maana ndani lazima bitana ya pamba, na pamba hiyo haitoki kwenye shela, nanunua. Kofia iwe ya kufunga kidevuni, isiwe ya kuvuta. Wale wadogo kuliko nusu kilo siwashonei gauni. Nashona kimfuko kama bahasha, satini nje, pamba ndani, analazwa. Pasi ya mkaa weka mbali na poliesta. Kipande cha kifua cha shela moja zuri sana kiliwahi kunasa kwenye pasi yangu kama ugali kwenye sufuria.

Sasa shela lenyewe. Desturi ya kuyatoa kwa kazi hii imevuma sana Marekani na Uingereza, na huko inaeleweka: bibi harusi amelinunua, limekaa kabatini miaka, ana la kutoa. Hapa kwetu wangapi wana shela lao? Tunakodi saluni. Linaingia kanisani na maharusi kumi, linarudi pindo limekunywa vumbi jekundu mpaka halitakati, ndipo mwenye saluni ananipigia simu. Kwa hiyo zile habari za "nimetoa vazi la siku yangu kubwa" kwangu ni nadra. Mama mmoja aliniuliza lilikuwa la nani. Nikamwambia ukweli, la watu wengi. Aliitikia kwa kichwa tu, na mpaka leo sijui alilipokea vipi.

Na nikiri jambo ambalo huwa silisemi mbele ya wateja. Bibi zetu wamewazika watoto hawa kwa kanga ya mama tangu zamani. Itazame kanga: iko wazi yote, haipiti kichwani, haina kifungo, ni pamba, inakunywa maji. Yote niliyoyapigia kelele hapo juu kanga inayo bila fundi. Kuna siku nakata satini huku najiuliza kama kazi hii inamfaa mama au inatufaa sisi tuliotafuta cha kufanya. Kinachonirudisha mezani ni kwamba kanga inafunika, na wapo kina mama wanaotaka kuona mikono, kuona mtoto aliyevaa. Wapo pia wasiotaka kuona chochote, na siwaungi mkono wanaowalazimisha. Gauni libaki kwa nesi; aulizwe mama mwenyewe, asiulizwe shangazi mlangoni.

Ujiji sipeleki shela. Familia nyingi kule ni Waislamu, na mzee mmoja aliniambia kwa upole, "Binti yangu, sanda haipambwi." Sawa. Pamba nyeupe ninayonunua kwa bitana nawakatia vipande vitupu, bila mshono wala utepe, wao wanajua la kufanya.

Kuhusu mkosi, kwamba ukitoa shela lako likavaliwa na maiti ndoa inakufa: ninaowajua waliotoa wako kwa waume zao, isipokuwa mmoja, na yule ndoa yake ilishakufa shela likiwa bado linanukia manukato.

Ukiwa nalo, lifue, usilipige pasi, lilete hata kama limechanika. Yale yenye mawe ya kubandikwa kwa gundi usilete, gundi haitoki na kitambaa kinabaki kigumu. Petikoti ya neti ngumu nayo baki nayo. Nimeshajaza gunia zima, na watoto wa jirani wameshagundua kwamba inavua vidagaa pale Kibirizi.