Data ya afya ya askari: mwajiri ajue nini, asijue nini

Data nyeti ya mfanyakazi ni habari ambayo ikishavuja, mwenyewe hana namna ya kuirudisha. Namba ya simu unaweza kuibadilisha. Ugonjwa uliosomwa na kituo kizima haufutiki vichwani mwa watu, na askari wa polisi atapanda cheo, atahamishwa Kisumu hadi Kakamega, habari ikimfuata nyuma.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatenganisha mafungu mawili. Data ya kibinafsi ni habari yoyote inayomtambulisha mtu: jina, namba ya kitambulisho, namba ya kazi, akaunti ya mshahara. Data nyeti ni fungu la ndani zaidi, na Kenya imelipanua kuliko nchi nyingi. Humo mna hali ya afya, asili ya kijamii au kikabila, imani, alama za vidole na vitambulisho vingine vya mwili, jeni, mali, hali ya ndoa, majina ya watoto, wazazi na mwenzi, jinsia na mwelekeo wa kimapenzi. Sasa fungua faili ya konstebo wa kawaida. Alama za vidole zilichukuliwa alipoajiriwa, daktari akampima, akaandika majina ya jamaa zake wa karibu, akajaza fomu ya kutangaza mali, kisha bima ikataka majina ya watoto. Karibu kila karatasi iliyomo ni data nyeti, ilhali faili yenyewe mara nyingi hushikwa kama faili ya kawaida.

Mwajiri ni nani hapa? Askari wengi watasema "Serikali" na kuishia hapo, lakini ukitaka kudai haki yako ni lazima ujue mlango wa kubisha. Katiba, kifungu cha 246, inaipa Tume ya Kitaifa ya Huduma ya Polisi kazi ya kuajiri, kupandisha vyeo, kuhamisha na kusimamia nidhamu. Inspekta Jenerali ndiye mwenye amri ya kila siku. Kwa hiyo habari zako ziko kwa Tume, ziko kwa Huduma ya Polisi, na hospitali na bima nazo zina nakala zao. Kila mmoja anawajibika kwa nakala aliyonayo. Mkuu wa kituo, kwa mfano, hawezi kujitetea kwamba barua ya daktari aliyoiacha mezani "ni mali ya Nairobi".

Kuna dai moja linalosikika sana: polisi ni chombo cha usalama, kwa hiyo sheria ya data haiwagusi. Dai hili lina nusu ya ukweli, na ndiyo maana linapotosha. Sheria ya Ajira ya 2007 kweli inawaweka askari polisi kando, kwa hiyo masharti yake kuhusu likizo ya ugonjwa hayawahusu moja kwa moja. Sheria ya data haikufanya hivyo. Kifungu chake cha 51 kinatoa msamaha kwa shughuli za usalama wa taifa, na Huduma ya Polisi ni miongoni mwa vyombo vya usalama wa taifa vinavyotajwa na Katiba. Lakini kifungu hicho hicho kinaanza kwa kusema kwamba msamaha haumwondolei yeyote wajibu wa kuchakata data kwa njia halali, kukusanya kiasi kinachohitajika tu, kuhakikisha data ni sahihi, na kuilinda isivuje. Isitoshe, msako wa majambazi ni jambo moja, na matokeo ya kipimo cha damu cha konstebo ni jambo jingine. Ni vigumu kuona jinsi kumtangazia karani wa kituo ugonjwa wa mwenzake kunavyoilinda nchi.

Jambo lenyewe la msingi ni hili: mwajiri anahitaji jibu, hahitaji ugonjwa. Maswali ya mkuu wa kituo ni machache. Je, huyu anaweza kuingia zamu? Kama hawezi, hadi lini? Kama anaweza, kuna kazi asiyopaswa kupewa? Yote matatu yanajibika bila kutaja ugonjwa hata mara moja.

Chukua mfano wa askari anayetoka hospitali ya rufaa ya Nakuru na karatasi mkononi. Juu imeandikwa jina lake, katikati ugonjwa na dawa alizopewa, chini "apumzike siku 14". Akiipeleka kituoni ilivyo, itapita kwenye dawati la zamu, iende kwa karani, ifike kwa mkuu wa kituo, ichukuliwe picha na kutumwa ofisi ya kaunti ndogo. Macho manne au matano yameshausoma ugonjwa kabla haujafika kwa mtu anayehitaji tarehe tu. Mahali palipopangwa vizuri, daktari huandika karatasi mbili. Ya matibabu hubaki kwenye rekodi za hospitali. Ya mwajiri husema: "Hafai kazini hadi tarehe fulani. Akirudi, asipangiwe doria ya miguu wala zamu ya usiku kwa mwezi mmoja." Basi. Kama daktari amekuandikia moja yenye kila kitu, rudi umwombe ya pili kabla hujaondoka hospitalini. Ukishatoka, kuipata ni kazi.

Kitabu cha matukio kinastahili neno lake. Kinakaa dawatini, zamu zote hukifungua, na wanaokuja kuripoti husimama mbele yake. Humo inatosha kuandika kwamba konstebo ameenda kwa daktari saa fulani. Anayeongeza "anaumwa kifua, anashukiwa TB" ameweka data nyeti mahali ambapo hawezi kuizuia kusomwa.

Zipo hali ambapo usiri unalegea, na ni haki ulegee. Askari aliyemwambia mshauri kwamba anafikiria kujiua, naye ana bunduki, hawezi kuachwa hivyo. Sheria inaruhusu data kutumiwa ili kuokoa maisha ya mwenyewe au ya mwingine. Hata hapo, kinachotoka ni kidogo: mkubwa wake anaambiwa huyu asipewe silaha hadi taarifa nyingine, na apangiwe kazi isiyo na bunduki. Aliyoyasema kuhusu ndoa yake au maiti alizoziona kazini hubaki kwa mshauri. Pale askari wanapoamini kwamba maneno ya chumba cha ushauri yataishia kwenye faili ya nidhamu, hawaendi kabisa, na bunduki inabaki mikononi mwa mtu ambaye hakuna anayejua yanayomsibu. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu nzito kuliko zote ya kulinda usiri huu, kuliko hata faini.

Kifungu cha 46 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinasema data ya afya ichakatwe na mtoa huduma za afya, au chini yake, au na mtu anayefungwa na wajibu wa kutunza siri. Kuhusu Virusi vya Ukimwi kuna sheria yake, ya 2006. Inakataza kumlazimisha mtu apimwe ili apate kazi, na inakataza kufichua matokeo bila idhini, isipokuwa kwa njia chache zilizotajwa humo.

Idhini nayo ina utata katika jeshi la nidhamu. Mkubwa akikuwekea fomu mezani na kusema "weka sahihi hapa tuone rekodi zako za hospitali", je, umekubali au umetii amri? Sheria inataka idhini iwe ya hiari, iwe wazi, na iweze kuondolewa, na anayeitumia ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba aliipata hivyo. Mwajiri mwenye busara hategemei sahihi ya namna hii. Hutafuta msingi mwingine, kama wajibu wa kisheria wa kumlipa fidia aliyeumia kazini, kisha huomba karatasi zinazohusu jeraha hilo tu, si historia ya matibabu ya miaka yote.

Data huvuja vipi? Mara nyingi bila nia mbaya. Orodha ya wagonjwa hubandikwa pamoja na ratiba ya zamu. Picha ya barua hutumwa kwenye kundi la WhatsApp la kituo badala ya kwa mtu mmoja. Karani huhamishwa na neno lake la siri likabaki linatumika. Mfano unaojulikana dunia nzima ni wa Polisi ya Ireland Kaskazini, Agosti 2023. Walijibu ombi la umma la kutaka kujua idadi ya wafanyakazi kwa kila cheo, wakatuma jedwali la Excel. Ndani yake mlikuwa na ukurasa uliofichwa wenye majina ya ukoo, herufi za kwanza za majina, vyeo na vituo vya wafanyakazi wao wote, zaidi ya 9,000. Jedwali lilikaa mtandaoni saa chache, na Oktoba 2024 wakatozwa faini ya pauni 750,000. Kuficha ukurasa si kuufuta. Anayetuma takwimu nje ya ofisi afungue faili mpya tupu, anakili namba zinazohitajika, atume hiyo.

Data ikifika kwa asiyeruhusiwa na ikaonekana kuna hatari ya kweli kwa mwenyewe, mwajiri ana saa 72 tangu ajue kumwarifu Kamishna wa Ulinzi wa Data, na mwenyewe anapaswa kuambiwa pia. Kundi la WhatsApp linahesabika. Kufuta ujumbe baadaye hakubadilishi kitu.

Ukitaka kujua faili yako ina nini, andika ombi. Kanuni za 2021 zilizotungwa chini ya sheria hiyo zinampa anayeshika data siku 7 kukuonyesha, bila malipo, na siku 14 kushughulikia ombi la kusahihisha kosa. Peleka nakala mbili za barua, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Ukinyamaziwa, au habari zako zikiwa zimeshavuja, unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna kupitia mtandao, au kwenye ofisi zake za Nakuru na Kisumu bila kwenda Nairobi. Uchunguzi unapaswa kukamilika ndani ya siku 90, na sheria inakuruhusu kudai fidia, hata kama ulichopata ni uchungu wa moyo na wala si hasara ya pesa. Beba barua yenye muhuri, picha ya skrini isiyokatwa inayoonyesha tarehe na aliyetuma, na maelezo mafupi ya nani alipata habari gani na kupitia kwa nani. Ugonjwa wenyewe usiuandike kwenye malalamiko ila kama hauepukiki.