Liu Wei Di Huang Wan: maswali kuhusu dawa ya Kichina ya kuongeza yin

Hii Liu Wei Di Huang Wan ni dawa gani hasa?

Ni vidonge vidogo vya mviringo, vyeusi au vya kahawia iliyokolea, na ni miongoni mwa dawa za asili zinazojulikana sana China. Mchanganyiko wake ni wa Qian Yi, tabibu wa watoto wa enzi ya Song, na mafunzo yake yalikusanywa kitabuni mwaka 1119. Aliwakusudia watoto waliochelewa kukua: utosi hauzibi, kusimama shida, kusema shida. Alichukua dawa kongwe ya Zhang Zhongjing, tabibu wa enzi ya Han, yenye viungo vinane, akaondoa viwili vya moto, yaani mdalasini na mzizi wa akonaiti. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto ana joto la kutosha tayari, haongezwi.

Kwa hiyo dawa inayouzwa leo kwa wanaume wa makamo ilianza kama dawa ya watoto.

Ndani yake mna nini?

Viungo sita. Kikubwa ni mzizi wa dihuang, unaopikwa kwa mvuke pamoja na mvinyo wa mchele na kuanikwa, tena na tena, mpaka uwe mweusi hadi ndani na unate mkononi. Kuna tunda jekundu lenye uchachu la mti wa shanzhuyu, na shanyao, ambayo ni jamii moja na viazi vikuu vyetu. Hivyo vitatu ndivyo vya kujenga. Vingine vitatu ni vya kupunguza na kusafisha: kiazi cha mmea wa majini uitwao zexie, gome la mzizi wa ua la peoni, na fuling, kuvu anayeota kwenye mizizi ya misonobari. Uwiano wa asili ni 8:4:4:3:3:3. Dihuang na shanyao bora husifiwa kutoka eneo moja, Huaiqing ya zamani katika jimbo la Henan.

Na hiyo yin ni kitu gani?

Si kitu kinachopimwa maabara. Katika tiba ya Kichina, yin ni upande wa ubaridi, unyevu na utulivu wa mwili, na yang ni upande wa joto na mwendo. Fikiria sufuria jikoni: moto ni uleule, lakini maji yamepungua, basi sufuria inaungua. Mgonjwa wa namna hiyo anahisi joto ingawa hana homa kali. Viganja na nyayo zinawaka, jasho linamtoka usiku akiwa usingizini, koo linakauka, masikio yanavuma, kiuno kinauma. Tabibu akimtazama ulimi anaukuta mwekundu, na utando wake ni mchache.

Waliokulia pwani hawatashangaa sana. Wazee wetu nao wanagawa vyakula na maradhi kwa baridi na moto.

Dalili hizo zote ninazo. Si ninunue tu?

Hapana, na hapa ndipo ninapotaka usome polepole.

Jasho la usiku huku kwetu lina jina jingine kabla ya yin: kifua kikuu. Ukiwa unalowanisha shuka, unakonda, na kikohozi kimefika wiki 2, nenda kituo cha afya ukapimwe makohozi. Matibabu ya TB katika vituo vya serikali Tanzania na Kenya ni bure. Ukikaa miezi miwili ukimeza vidonge vya mitishamba, ugonjwa unaendelea na walio nyumbani wanaambukizwa. Virusi vya UKIMWI navyo huweza kuanza kwa jasho la usiku.

Kiu isiyoisha pamoja na kukojoa mara kwa mara ni dalili za kisukari, na kipimo chake ni tone la damu. Joto linalopanda ghafla kwa mwanamke wa miaka 45 au 50 huenda ni ukomo wa hedhi. Mapigo ya moyo kwenda mbio na kukonda huku unakula vizuri yanaweza kutoka kwenye tezi ya shingo. Mimi sipingi mtu kutumia dawa hii baada ya kupimwa na kuambiwa hana hayo. Ninapinga itangulie kipimo.

Utafiti unasemaje?

Upo mwingi, hasa kutoka China, kuhusu kisukari, figo na ukomo wa hedhi. Sehemu kubwa ni ya watu wachache na haikupangwa kwa ukali wa kutosha. Hakuna unaoruhusu mtu aache metformini, dawa ya kisukari, au dawa za presha.

Muuzaji ananiambia inatibu figo na kuongeza nguvu za kiume.

“Figo” ya tiba ya Kichina inabeba ukuaji, uzazi, mifupa, masikio hata nywele. Si ile ambayo daktari anaipima kwa kreatinini, taka ya damu ambayo figo huichuja. Mwenye figo zinazoshindwa kazi asianze mitishamba yoyote bila daktari wake kujua. Miaka ya mwanzo ya 1990 huko Ubelgiji, wanawake zaidi ya 100 waliharibikiwa figo kwa vidonge vya kupunguza unene ambamo mmea wa jamii ya Aristolochia uliingia. Mmea huo haumo katika viungo sita hivi, lakini wewe unajuaje kilichomo kwenye chupa?

Kuhusu nguvu za kiume, hata tabibu wa Kichina mwenyewe atakukatalia ukimwambia miguu yako ni baridi na unaharisha. Dawa hii ni ya kupoza.

Nani awe mwangalifu?

Mjamzito, kwa sababu gome la peoni huhesabiwa kuwa linasukuma damu. Mwenye tumbo dhaifu, maana dihuang ni nzito na huleta kujaa gesi na kuharisha. Mgonjwa wa kisukari aulize kama vidonge vimefinyangwa kwa asali, kwani vingi ndivyo, na aendelee kupima sukari yake.

Nitajuaje kama chupa ni halali?

Tafuta namba ya usajili: Tanzania uliza TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, au Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, Kenya Bodi ya Famasia na Sumu. Ogopa chupa inayofanya kazi siku hiyohiyo. Mwaka 2009 huko Xinjiang, China, watu 2 walikufa kwa dawa bandia ya kisukari iliyoonekana kuwa ya mitishamba. Ndani mlikuwa na glibenklamaidi, dawa ya hospitali ya kushusha sukari, kwa kiwango kikubwa mno. Kama umeshaanza kutumia na unatetemeka, unatoka jasho jembamba na njaa inakushika ghafla, kunywa kitu chenye sukari, nenda hospitali, na chupa uibebe.